Sukari ya Meneja

Kila asubuhi, kabla wenye maduka wa Mchafukoge hawajaanza kunyanyua milango yao ya chuma, Mwalimu Evarista Kessy alimpakata paka na kumkanda sikio kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Sikio likishapata joto alilichoma ukingoni kwa sindano ndogo, akangoja tone la damu litokeze, kisha akaligusisha kijiti cha mashine ya kupimia sukari. Paka alitulia kama mzee aliyezoea kliniki.

"Kumi na saba," alimwambia. "Jana ulikuwa kumi na tisa. Tunashuka, Meneja."

Jina hilo alipewa na marehemu Theophil, mume wa Evarista, aliyekuwa na stoo ya mchele na maharage Kariakoo. Paka aliletwa stoo kwa ajili ya panya, lakini panya hakuwagusa. Alipanda juu ya gunia la juu kabisa akawa anawatazama wapagazi wanavyotoka jasho. "Huyu si mfanyakazi," Theophil alisema, "huyu ni meneja." Alipougua na kushindwa kushuka ngazi, aliomba aletewe paka wake nyumbani, ghorofa ya tatu. Evarista hakuwa mtu wa kuruhusu mnyama ndani, lakini mara hiyo alifungua mlango.

Theophil alikufa kwa kisukari mwaka juzi. Novemba mwaka huu Meneja alianza kukonda na kumaliza bakuli la maji mara tatu kwa siku, na Evarista akazitambua dalili kabla daktari wa mifugo hajafungua mdomo. Mashine ya marehemu ilikuwa bado kwenye droo. Daftari lake la kliniki pia lilikuwepo, likiwa na kurasa nyingi tupu, na mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na minne hatupi karatasi safi. Akaendelea pale mumewe alipoishia, kwa mwandiko uleule, maana tangu mwanzo aliyempima na kuandika ni yeye, asubuhi na jioni, bila kuandika ni sukari ya nani. Kwa dakika hizo chache mikono yake ilipata tena kazi yake ya zamani, na nyumba haikuwa kimya sana.

Aliyejua siri hiyo ni jirani mmoja tu, Sabaha, mama wa Kilindi aliyeuza vitenge duka la chini.

"Mwalimu, kweli paka anachomwa sindano ya sukari?" aliuliza siku alipomkuta. "Kwetu paka akiumwa anajitafutia majani."

"Sabaha, hilo libaki kwenye ngazi hizi."

"Nimwambie nani? Si nitaonekana mimi ndiye mwenye homa."

Desemba ikaingia, na kwa watu wa Kilimanjaro Desemba haina mjadala: watu wanaenda nyumbani. Kwa miaka thelathini na mmoja Evarista hakukosa Krismasi hata moja Kibosho, kwao Theophil. Alikuwa mke wa mtoto wa kwanza, na nyama ya mbuzi ilipogawanywa kwa mpangilio wa ukoo, watu walimtazama yeye. Mjane akikosa, watasema ameshazika na amemaliza. Tena kaburi la Theophil liko hukohuko, nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na hakuna siku iliyopita asitamani kukaa pembeni yake hata robo saa.

Lakini sindano za Meneja ni mbili kwa siku, na kila moja inataka kipimo kwanza, kwa sababu sukari ikiwa chini dawa itamuua. Sabaha alijaribu mara moja, akatoka na mkwaruzo mpaka kiwikoni. Ambebe safarini? Evarista alijiona akishuka kwenye gari mbele ya ukoo mzima na kikapu cha paka mwenye kisukari, yeye ambaye kila Krismasi aliwafundisha vijana wa pale namna ya kukaa mbele za watu. Akaamua atasema ana udhuru.

Shemeji yake Filbert, mdogo wa marehemu, alifika tarehe kumi na tisa kupanga safari. Evarista alikwenda jikoni kuchemsha chai. Aliporudi na sinia, alimkuta amesimama na daftari la kliniki mkononi.

"Shemeji, hii ni ya wiki hii. Kumi na tisa? Ishirini na mbili?"

Evarista aliweka sinia mezani. Alikuwa na muda wa kutosha kusema kweli. Badala yake alimimina chai.

"Nilikuwa sitaki kuwasumbua," alisema. "Ndiyo maana mwaka huu sitaweza kusafiri."

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Ugonjwa una heshima yake, na mtu hachekwi kwa kuumwa. Filbert alikunywa chai bila sukari kwa kumhurumia, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Asubuhi iliyofuata Evarista hakuwa amemaliza kumpima Meneja simu ilipoita. Alikuwa mama mkwe, bibi wa miaka themanini na sita ambaye kwa kawaida hupigiwa, yeye hapigi.

"Evarista, nimezika mtoto kwa sukari hiyohiyo," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. "Usiniambie na wewe. Sijalala. Nimewaamsha wote hapa tunasali."

Evarista alishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, mimi siumwi. Zile namba si zangu."

"Za nani?"

"Za paka."

Upande wa pili kuku alilia, mtu akafukuzwa jikoni.

"Paka gani?"

"Wa Theophil. Yule wa stoo. Amepata kisukari, nampima na kumchoma sindano. Niliona aibu kumleta, na aibu kusema."

"Ukaona afadhali nikulilie wewe."

"Nisamehe, mama."

Bibi alisikika akiwaambia waliokuwa wakisali waache.

"Theo alipokuwa anaumwa, huyo paka alikuwa analala wapi?"

"Miguuni pake."

"Mpaka siku ile?"

"Mpaka siku ile. Na hata sasa, jioni maduka yakifungwa, anakwenda kukaa mlangoni."

"Mimi pia," alisema bibi. "Gari likipinda pale chini kanisani, nanyanyuka." Akapenga kamasi. "Mlete nimwone. Anakula nini?"

"Nyama, mama. Maziwa asipewe."

"Nyama ipo. Watu watacheka, waache wacheke. Siku mbili watachoka."

Filbert alirudi kesho yake alfajiri na gari, amenuna.

"Shemeji, nimemwambia mpaka paroko. Umetajwa kwenye misa."

"Nitamwomba radhi mwenyewe."

"Utamwambia walimwombea paka?"

"Nitamwambia hivyo hivyo."

Filbert alitazama kikapu, akacheka kwa pua, kisha akakinyanyua. Evarista alifuata na chupa ya barafu yenye dawa. Chini, Sabaha alikuwa anafungua duka pamoja na wenzake wanne watano wa mtaani, na mmoja wao, muuza mabegi aitwaye Bakili, akasogea.

"Shikamoo Mwalimu. Safari njema. Humo kuna kuku wa Krismasi?"

Sabaha alianza kukohoa ili kumnusuru Mwalimu. Evarista alimzuia kwa mkono.

"Marahaba. Ni paka, Bakili. Ana kisukari. Tunampeleka kwa Theophil."

Bakili alifungua mdomo kutania, akautazama uso wa mwalimu, akaenda kuwafungulia mlango wa gari.