Mkeka Uliokataa Kulala

Enzi zetu sisi watoto wa Mlingotini, ukipata tatizo hukuwa na pa kulipeleka. Baba yuko baharini, mwalimu ana fimbo, na mama ukimfuata na kilio chako anakutazama juu mpaka chini, kisha anauliza, "Umeshatazama wapi?" Ukijibu hujatazama popote, umejitafutia kazi. Kandambili imekatika? Tafuta waya. Kidumu cha maji ya shule kinavuja? Tafuta sabuni ukizibe, na mchakamchaka usikupite. Hatukujua kama mambo hayo yana jina. Siku hizi yana jina, yana semina, na yana cheti. Binti yangu Rehema amekipata chake juzi hapa Bagamoyo mjini, cheti cha stadi za utatuzi wa matatizo katika elimu na biashara. Picha kapiga, sambusa kala, na maji ya chupa kaja nayo nyumbani. Nikamwambia hongera mwanangu, nikacheka kimoyomoyo.

Maana mimi semina yangu niliipata uani, nimekaa chini, miguu nimeinyoosha, na ukindu mapajani.

Mama alikuwa msukaji wa mikeka. Kwa msiojua, ukindu, majani yale ya mkindu, huchanwa, ukaanikwa juani mpaka ukakauka sawasawa, halafu ukasukwa ukili, yaani utepe mrefu usiokwisha. Ukili huo ndio unaozungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu hadi upate mkeka. Kila jioni baada ya shule, mimi na dada yangu Mwantumu tulipewa kipande chetu cha kusuka kabla ya kuruhusiwa kwenda kucheza rede. Mpaka leo nikisikia harufu ya ukindu uliokauka naona njaa, kwa sababu ilikuwa inachanganyika na harufu ya muhogo wa nazi uliokuwa ukitokota jikoni. Vidole vilituwaka, na wenzetu tunawasikia huko nje wanapiga kelele. Mama akituona tumenuna anasema, "Nuneni, lakini mikono iende." Basi tunanuna, na mikono inakwenda.

Mwaka mmoja wazee wa msikiti walimwagiza mama mkeka mkubwa, wa kutandikwa safu ya mbele, uwe tayari kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Jamani, mama alitembea kifua mbele mtaa mzima! Biashara yake ilikuwa jina lake, hana duka wala kibao. Mkeka ule ukipendeza, kila bibi harusi wa pwani ile atamtafuta. Ukiharibika, kazi itakwenda kwa mwingine, na sare zetu za shule tulizoahidiwa tuzisahau.

Kazi haijafika mbali, kisu cha kuchania ukindu kikamkata kiganja. Kidonda kikubwa. Zahanati wakamfunga, wakamwambia mkono usiguse kitu. Akarudi nyumbani, akatuita mimi na Mwantumu, akasema, "Mkeka ni wenu sasa." Mimi nilitaka kulia. Mwantumu, mkubwa wangu, alijifanya jasiri.

Tukasuka. Tukasuka asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, rede tukaiweka kando. Ukili ulipotosha tukaanza kushona, na hapo ndipo mkasa ulipoanza. Mwanzoni mkeka ulilala vizuri tu. Tulipozidi kuongeza, ukaanza kujikunja pembeni kama jani la mgomba juani. Tukaufumua, tukaushona tena. Ukajikunja vilevile. Tukaukandamiza kwa mawe. Tukaona mawe hayatoshi, tukalala juu yake sisi wenyewe, mimi upande huu na Mwantumu upande ule, tukapitiwa na usingizi. Tulipoinuka, nao ukainuka.

Lawama zikaanza. "Zuhura unakaza mno mkono!" "Wewe ndiye unayelegeza, akili yako iko kwenye rede!" Tulikaribia kushikana nywele.

Mama muda wote huo amekaa barazani, mkono umefungwa kitambaa, pindo la kanga kaling'ata kwa meno. Tulidhani ni maumivu ya kidonda. Nikamwendea.

"Mama, mkeka haulali."

"Naona."

"Sasa tufanyeje?"

Akalitoa pindo mdomoni. "Mara ya mwisho ulikuwa mzuri wapi?" Akalirudisha.

Nilimkasirikia, sitadanganya. Mwezi unakaribia, watu wanapita wanachungulia, na yeye anauliza maswali! Lakini hatukuwa na njia nyingine. Tukaufumua wote, tukautandaza ukili kuanzia mlangoni hadi kisimani kwa jirani, tukaufuata tukitambaa, tunaupima upana kwa vidole. Hapa sawa. Hapa sawa. Karibu na kisima vidole vyangu vikabaki nje. Ukili ulikuwa umekuwa mwembamba.

"Ni hapa!" nilipiga kelele.

"Hapa tulifanya nini?" akauliza Mwantumu. Tukakaa kitako kwenye mchanga, tukafikiri. Ndipo akakumbuka. Ukindu wetu ulipotuishia, shangazi alituletea mzigo mwingine kutoka Zinga, nasi kwa haraka tukausuka siku ileile. Tukaunusa uliobaki: bado ulinuka ubichi. Haukuwa umeanikwa ukakauka. Tuliusuka ukiwa umenona, baadaye ukakauka na kusinyaa, na sisi tukaushona pamoja na ule mpana, tunategemea vilingane.

Tulikimbia barazani tukigombea kusema. Mama akaliacha lile pindo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Haya, kateni hapo. Ukindu wa Zinga uliobaki muuanike, muanze upya."

Mkeka uliingia msikitini jioni ya kuamkia mfungo, na ulilala, wallahi, hata wimbi dogo haukuwa nalo. Sare tulishonewa. Ule ukili uliosinyaa mama hakuutupa, alitushonesha vikapu vya sokoni, navyo vikapendwa kuliko mikeka.

Miaka ikapita. Siku moja, mimi tayari nina watoto, nilimuuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

"Tangu shangazi yenu aliposhusha ule mzigo," akajibu bila hata kunitazama.

"Na ulikuwa radhi uaibike mbele ya msikiti?"

"Nani alikuwa radhi? Kanga yangu yote ile niliitoboa kwa meno." Sasa akanitazama. "Ningesema mimi, nyinyi mngetafuta nini?"

Mama hayupo sasa, Mungu amrehemu. Msikitini kuna zulia, na ukindu watoto wangu wanauona kwenye vikapu vya watalii. Mimi nina cherehani zangu, nashona sare za shule. Sisi wa enzi zile tukikutana hatuchoki kuwasema vijana: hawawezi kitu, wakikwama wanaiuliza simu. Lakini nani aliyewazoesha kupewa majibu? Ni sisi. Mtoto hajamaliza kuuliza, tumeshamjibu, kwa sababu tuna haraka na hatupendi kuaibika.

Wiki hii Rehema na wasichana wenzake walinikatia mashati ya shule moja, na yanatakiwa Jumatatu. Mikono haikai. Wanashona, wanafumua, wanalaumiana. Mimi nimeshaona: hawakukigeuza kitambaa, mikono yote wameikata ya upande mmoja. Neno liko kwenye ncha ya ulimi. Wateja wanapita, wanachungulia.

"Mama," Rehema akaniita, simu mkononi, cheti chake kikining'inia ukutani nyuma yake. "Mikono haikai. Tufanyeje?"

"Mara ya mwisho ilikaa vizuri wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa hasira ninayoijua vizuri. Kisha akaiweka simu mezani, akaanza kuitandaza mikono ile chini, mmoja baada ya mwingine. Nikavuta pindo la kanga yangu, nikaling'ata kwa nguvu.