Fundi Miwani na Masikio ya Zohali

Saa moja jioni. Fundi miwani anafunga duka, anakung'uta vumbi la vioo kwenye aproni, kisha anasimamisha barazani bomba la plastiki lenye miguu mitatu. Ni darubini. Kaiunda mwenyewe, na lenzi zake kazisugua kwa mikono yake.

Mtaani wanamwita Mama Sayari. Wapita njia wameshapanga foleni. Upande wa magharibi Zuhura inawaka.

"Ile si taa ya mnara?" anauliza muuza viatu.

"Taa gani ya mnara inazama?" anamjibu, na baraza zima linacheka.

Lakini leo fundi hatulii. Kila mara anachungulia barabarani. Anamsubiri mama yake.

"Mama ndiye wa kwanza kuiona Zohali kwa darubini yangu," anasimulia. "Akasema, 'Mwanangu, nyota yako hii ina masikio.' Wee! Nilinuna. Fundi miwani ukiambiwa hivyo, unajua lenzi ina kasoro."

Akaing'oa lenzi akaanza kuisugua upya. Akasugua, akasugua, mpaka ikapasuka. Alipomaliza kutengeneza nyingine, masikio yalikuwa palepale. Kumbe ni pete ya sayari yenyewe.

"Nikakimbia kumwita mama. Lakini mtoto wa jicho alishamfunika macho yote mawili. Akainama, akasema, 'Sioni masikio, mwanangu. Safari hii umeitengeneza vizuri.' Nililia siku hiyo, we acha tu."

Mwezi uliopita mama alipasuliwa jicho moja. Miwani anayovaa kaikata bintiye.

Na huyo anakuja, bila kushikwa mkono. Foleni inampisha. Anavua miwani, anainama. Fundi anauma kidole.

"Yapo," anasema mama. "Masikio yapo. Si nilikwambia?"

"Ulisema kweli, mama. Nisamehe."

"Sema kwa sauti, hawa nao wasikie! Na wajue darubini hii kaiunda mwanangu."

Fundi anacheka huku anafuta machozi. Jicho la pili la mama nalo likishapasuliwa likapona, anasema, atasugua lenzi pana kama sahani, mama aitazame Zohali kwa macho yake yote.

Mama bado kainama. Foleni inaanza kunung'unika.

"Ngojeni," anasema bila kuinua kichwa. "Mimi nimengoja kuliko nyie wote."