Dada Aliyechorwa Kisogo

Mtaa mzima walimwita Dada, hata wazee waliomzidi umri, maana alikuwa dada kabla hajawa kitu kingine chochote. Mama yao alipofariki alimwachia mdogo wake wa kiume, mtoto aliyekuwa bado anajifunza kushika kijiko, na yeye mwenyewe ni msichana tu, hata nywele zake hajui kuzisuka zikanyooka. Akamlea. Hakwenda kwa mjomba kuomba wala kwa shangazi kulia. Alikwenda kufua mashuka ya hospitali, akafua mpaka akazeeka, na yule mdogo akakua, akawa fundi wa kupaka rangi nyumba za watu, akaoa, akapata wajukuu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya Dada, na alitembea nayo kifua mbele.

Sasa huyo fundi, magoti yalipokataa kupanda ngazi, akaanza kuchora. Hakuna aliyemtuma. Aliokota vipande vya mbao kwa maseremala, akavipiga msasa, akavipaka nyeupe, halafu akamalizia humo mabaki ya rangi za watu: kijani cha madirisha ya mwalimu, manjano ya duka la dawa. Mkewe alidhani ni mchezo, utapita. Haukupita. Siku moja mama anayesimamia ukumbi wa maktaba alikuja kumtafuta ampakie mlango rangi, akaziona picha zimeegemezwa ukutani, na habari ya mlango ikaishia hapo hapo. Akataka zitundikwe ukumbini watu wazitazame, na kila picha iwe na kikaratasi chini yake kinachoeleza ni kisa gani kilichomfanya fundi aichore.

Dada alizisikia tu habari hizo. Picha zenyewe alikuwa hajaziona, kwa sababu fundi alizifunika kila alipomsikia getini. Basi wiki ile ya maonyesho akampelekea shati la kuvaa, kalipiga pasi mwenyewe, maana pasi ya wifi yake hajawahi kuiamini. Akamkuta fundi amezipanga uani zikauke, na shuka la kufunikia liko kwenye kamba.

Akasimama. Picha ya kwanza, mwanamke ana furushi la nguo kichwani, anakwenda njiani alfajiri, taa ya barabarani haijazimwa. Ya pili, mwanamke ameinamia karai. Ya tatu, mwanamke anaanika mashuka. Ya nne, mwanamke yuko nje ya mlango wa ofisi, ameelekea ukutani. Gauni ni moja, lina kiraka chini ya bega la kulia, na kiraka kile alikijua, alikishona yeye. Wanawake wale wote ni yeye. Na wote wametazama huko. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Akamuuliza mdogo wake, taratibu kabisa, na wifi alipoisikia sauti ile alirudi jikoni.

"Wewe mtoto. Mimi sina uso?"

Fundi, na mvi zake zote, akaanza kufuta brashi ambayo haikuwa na rangi. Akasema hivyo ndivyo zilivyomjia. Dada akamwambia zirudi zilikotoka. Watu watakuja kutoka kila pembe kumtazama kisogo, kama mtu aliyetoroka na sufuria la jirani? Hakuna picha itakayotoka nyumba hii mpaka yeye awe na uso. Akalitundika shati, akaenda zake.

Msidhani ni maneno ya hasira tu. Fundi alijua kwamba Dada akisema hazitoki, hazitoki, hata gari la ukumbi lije lipige honi mpaka betri iishe. Na alikuwa anautaka ule ukumbi. Maisha yake yote alipaka kuta ambazo wenyewe wakihamia wanaweka kabati mbele.

Kwa hiyo kesho yake Dada alikaa kwenye kiti uani, kajipaka poda, kavaa hereni na gauni la harusi za watu, mikono magotini, kakakamaa kama anasubiri kusomewa hukumu. Na kukaa kwenyewe hakujui. Kila mara alimwelekeza fundi: pua usiizidishe, hiyo mikunjo ya hapa si yangu ni ya jua. Fundi akachora mpaka shingo ikamuuma. Alipomaliza wakaita wifi aje kuamua.

Wifi akatazama picha, akamtazama mwenye uso, akatazama picha tena.

"Mimi sisemi kitu, wifi yangu. Lakini kama si yule askari wa benki, basi ni ndugu yake."

Dada akataka kununa, kicheko kikamponyoka, kwa sababu ni kweli. Fundi akafuta, akaanza upya. Ya pili ikatoka mtu aliyeambiwa jino lazima ling'olewe. Akaweka brashi chini.

"Dada, usinichukie," akasema. "Uso wako siujui. Nauona kila siku, lakini mkono wangu hauujui. Nilikuwa nyuma yako siku zote. Nikikimbia nikufikie, unaongeza mwendo."

Likamchoma Dada lile neno, maana alijua sababu. Asubuhi zile alimwamsha mtoto, wakaondoka, yeye mbele, na amri ilikuwa moja: tembea nyuma yangu, usinipite. Njia nzima hadi hospitali ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kulia. Hakuwa na nyingine. Nyumbani kuna mtoto, kazini kuna wanawake wenye midomo. Akifika getini uso umeshakauka. Aliamini hakuna kiumbe aliyejua.

Akamwonyesha kwa kidole picha ya nne, ile ya mlango wa ofisi. Akauliza hii nayo ni ya siku gani.

Fundi akamwambia ni siku ile msimamizi aliposema mtoto haruhusiwi kwenye chumba cha kufulia, achague kazi au mtoto. Dada alitoka, akageukia ukuta, akakaa hivyo muda mrefu. "Ukaniambia unatafuta kifungo kimeanguka. Gauni lile halikuwa na vifungo, Dada."

Halafu fundi akamwambia atazame mkono.

Dada alikuwa anatafuta uso, mkono hakuuona. Katika kila picha mkono wa kushoto umerudishwa nyuma, vidole vimekunjuliwa kidogo, vinaita. Kucha zimeliwa na sabuni. Ule mkono fundi hakuumalizia haraka kama vingine. Alipaka, akakwangua, akapaka tena. Akasema mkono ule ndio uliokuwa unamsemesha. Njoo, mkono unasema. Simama, gari. Nishike. Siku ile ya ukuta ulimwita, naye akaja, akaingizwa kwenye kikapu cha mashuka machafu, na humo akakaa siku zote za kazi mpaka alipoanza shule. Ndani ya kikapu alikuwa na kipande cha ile bluu ya kung'arishia nguo nyeupe, Dada alimpa asilie, na alichora na kidole kilicholowa mate kwenye foronya za hospitali. Dada akazifua kabla hazijaonekana. Ndiyo maana hata leo hakuna picha yake isiyo na bluu mahali.

Dada akajifuta poda na upande wa gauni. Hakulia, tuseme ukweli, alishalia zamani, alimaliza. Akaamuru yule mtu wa jino apakwe nyeupe. Kisha akamwita wifi alete kalamu na kikaratasi cha picha ya nne, akae, aandike.

"Andika alikuwa analia," akasema. "Usiandike kifungo. Na uandike kwamba kazi hakuacha na mtoto hakumwacha. Basi, inatosha, usiwape yote."

Gari la ukumbi likaja likabeba picha zote.

Jumamosi Dada alitangulia kufika kuliko mwenye maonyesho. Akavuta kiti cha mlinzi, akakiweka chini ya picha ya nne, akaketi amewatazama watu usoni. Kila aliyesoma kikaratasi aliinua macho akakuta mwenyewe yupo, na hereni zake. Msichana mmoja akamuuliza kwa haya kama ndiye. Dada akamwambia ndiye, na asogee huku mbele amwone vizuri, kisogo ameiachia picha.

Mchana wifi alimletea chai, akamwambia apumzike kidogo nje kwenye upepo. Akapokea chai, akasema hawezi kuondoka, yuko kazini.