Ua la Bondeni Lililogomea Baridi

Mvua zilipoanza nilikwenda ofisi ya kilimo hapa Sumbawanga kufuata mbegu za mahindi za shamba la kijiji. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa Kasense. Karani, mtu wa Mbeya, alikuwa anakodolea macho kopo la udongo mtupu.

"Mara ya tatu hii, mama, halioti," akasema. "Mke wangu kwao ni bonde la Rukwa, kwenye joto. Mlangoni kwao kuna mnanaha, lile ua jeupe kama tarumbeta, linafunguka jioni na kunukia. Kaniambia likikubali kuota huku, na yeye atapanda kuja. Lisipoota, nibaki na baridi yangu."

Baridi yetu mnaijua. Mimi mwenyewe, shujaa wa Ufipa nzima, nikipiga chafya alfajiri inadondoka chini kama kokoto.

Mama akatua kikapu. "Ndugu karani, kimea cha pombe mnakioteshaje kwenu?"

"Mimi mlokole, mama. Sijui."

"Ndiyo maana unalala peke yako. Loweka hizo mbegu, zifunge kwenye kitambaa, zilaze karibu na jiko mpaka zitoboe. Ila zikae mbali na kimea changu. Mnanaha ni sumu, utatumalizia kijiji."

Juzi jioni nimepita kwa karani. Ua limefunguka, linanukia mpaka ng'ombe wanasimama njiani. Na mke kaja kweli. Nikamuuliza karani mkewe kalionaje.

"Bado hajaliona," akasema. "Tangu ashuke kwenye basi yuko jikoni, kakumbatia moto."

Wanaooa bondeni nawashauri waanze na kuni.