Mama Kipenga Apimwa Moyo

Mashabiki ndio waliogundua kwanza. Kabla ya daktari, kabla ya mume wake, kabla hata yeye mwenyewe hajakubali, watu waliokuwa wakikaa juu ya matofali nyuma ya goli walishajua kwamba refa wao ana kasoro, na walimwambia kila Jumamosi bila kupunguza sauti.

"Refa, mpira uko huku."

"Mpigieni simu, labda atafika."

Siku za kazi Mama Kipenga alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Misumari aliijua kwa kuishika tu, gizani, kama ni ya inchi tatu au nne. Jumamosi alivaa bukta nyeusi na soksi za kufika magotini, akachezesha ligi ya mtaa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwembamba, mdomo hauna breki, na zamani alikimbia hadi wachezaji wakalalamika kwamba anawachosha. Kisha mbio zikaanza kupungua. Alijipa sababu: umri, ngazi za dukani, soksi zinabana. Akawa anatoa hukumu akiwa kwenye duara la kati, mkono kiunoni, kama mtu anayeagiza chai. Mashabiki wakambandika jina jipya: Mama Darubini.

Mambo yaliharibika siku ya nusu fainali. Timu ya gereji ilikuwa nyuma bao moja, zimebaki dakika nne. Mshambuliaji wao akaponyoka na mpira, mbele yake kipa peke yake. Mama Kipenga akaona aibu kubaki nyuma siku kama hiyo, akamfuata. Hatua ishirini, hatua thelathini, kifua kikabana kama mtu amekikalia. Akasimama, akainama, mikono magotini, kipenga mdomoni. Akahema.

Kipenga kikalia.

Akahema tena, na tena, na kila pumzi ilitoka na mlio wake, mara tatu, kwa mpangilio mzuri kabisa wa kumaliza mchezo.

Mshambuliaji akasimama. Kipa akasimama. Wapinzani wakaanza kukumbatiana, mmoja akavua jezi. Ikabidi refa aeleze kilichotokea, na refa mwenye heshima zake hawezi kusema alikuwa anahema. Alinyoosha mkono juu kusubiri pumzi irudi, watu wakadhani anafikiri. Iliporudi akasema ni mpira wa adhabu, kipa katoa lugha chafu.

Kipa alikuwa kijana mpole asiyefungua mdomo wiki nzima. Akatazama nyuma yake kuona kama kuna kipa mwingine.

Mpira wa adhabu ulipaa juu ya goli, timu ya gereji ikatolewa, na kocha wao akaja na hasira zake zote. Kocha huyo kwa kazi alikuwa nesi wa zahanati. Alimkuta Mama Kipenga kwenye matofali, anavua viatu na soksi.

"Sikuja kugombana," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana. "Nataka tu kujua kipa alisema nini."

"Hakusema kitu. Nilihema."

"Ulihema."

"Nilihema kipenga kikiwa mdomoni. Ukimwambia mtu, nitakataa."

Nesi alikuwa na maneno mengi ameyapanga, lakini macho yake yakaangukia miguuni pa refa. Soksi zilikuwa zimechimba mfereji chini ya goti, na vifundo vimevimba. Akachuchumaa, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Kishimo kikabaki palepale.

"Dada, unalalia mito mingapi?"

"Mitatu. Nikipunguza nakosa pumzi."

"Umewahi kuugua moyo?"

"Mimi sijawahi kuugua chochote. Ukiacha kansa."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema ukiacha surua. Nesi akakaa chini kabisa, vumbini, na suruali yake safi.

"Kansa gani?"

"Ya figo. Nilikuwa na miaka sita. Wakatoa figo moja, wakanipa dripu za dawa, nikapona. Mambo ya kale hayo."

"Dawa ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu. Nilikuwa nakojoa nyekundu, nawaringia watoto wodi nzima."

Nesi hakucheka. Alimweleza kwamba dawa ya aina ile huua kansa kweli, ila yaweza kuuchosha moyo, na moyo wenyewe haulalamiki siku hiyo. Unaweza kukaa kimya miaka ishirini, thelathini, halafu ndiyo ukaanza kulegea. Aliyetibiwa hivyo utotoni anapaswa kupimwa moyo kila baada ya muda, hata akijiona mzima.

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa nimepona."

"Na ulipona. Jumatatu nenda hospitali kubwa. Sikusema Jumatano."

Jumatatu alikwenda, na shangazi yake akaenda naye. Shangazi ndiye aliyemlea, na ndiye aliyelala sakafuni chini ya kitanda chake miezi saba kule wodi ya watoto. Alivaa gauni la harusi za watu, kwapani akabana daftari la shule lililofungwa kwa uzi.

Karani wa mapokezi akauliza, "Una umri gani?"

"Thelathini na sita," alijibu shangazi.

"Una mzio wa dawa?"

"Hana. Ila hapendi vidonge vikubwa, vikatwe."

"Mama, namuuliza mgonjwa."

"Ndiyo, na mimi nakujibu."

Daktari wa moyo alikuwa kijana, akawasalimu shikamoo wote wawili, jambo ambalo Mama Kipenga hakulipenda. Alisema shida ya wagonjwa wa namna hii ni kwamba hakuna anayejua walipewa dawa kiasi gani. Mafaili yamepotea, wazazi wamesahau. Shangazi akafungua uzi. Ndani ya daftari mlikuwa na kila dripu, tarehe, jina la dawa alilonakili kutoka kwenye chupa herufi kwa herufi, kipimo chake, na pembeni: katapika mara mbili, kala biskuti moja, kamtukana nesi. Daktari alifunua kurasa polepole, akasahau kukaa.

"Mama, hili daftari naomba nilitolee nakala."

"Nakala toa. Lenyewe narudi nalo."

Walimbandika nyaya kifuani kusoma umeme wa moyo. Kisha akalazwa ubavu wa kushoto, mpimaji akampaka jeli ya baridi na kumkandamiza mbavuni kifaa kinachoonyesha moyo kwenye skrini.

"Vuta pumzi. Toa. Bana hapo, usiongee."

"Ni muda gani nisiongee?"

"Tunaanza upya."

Walianza upya mara tano. Mara ya sita mpimaji akafungulia sauti, chumba kikajaa mlio wa majimaji, fwasha, fwasha.

"Nani anafua?" aliuliza shangazi.

"Ni moyo wake, mama."

Shangazi akasikiliza. "Anafua kivivu," alisema.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha kutembea koridoni dakika sita, waone anafika umbali gani. Nesi wa pale alishika saa, na Mama Kipenga akatazama ya kwake pia, kwa kuwa hakuwahi kumwamini mtu mwingine na saa. Dakika ya tatu toroli la mashuka likamkata njia. Dakika ya sita nesi akasema basi.

"Bado," alisema Mama Kipenga, anahema na anaenda. "Toroli. Sekunde kumi na mbili za nyongeza."

Jioni daktari akawaita. Alisema moyo umepanuka.

"Huyu ana moyo mkubwa tangu mdogo," alisema shangazi. "Biskuti zake aligawa wodi nzima."

"Ukubwa huu ni mwingine, mama." Akawaeleza kwamba kila unapopiga, moyo husukuma nje sehemu ya damu iliyomo. Wake unasukuma asilimia thelathini na nane.

"Thelathini na nane si ni kufeli?" aliuliza Mama Kipenga.

"Hakuna anayepata mia. Moyo wenye afya hupata kama sitini."

Shangazi akasema, akitazama ukuta.

"Ile dawa nilimshika mimi. Alikuwa anapiga mateke, nikamkalia miguu ili wamchome. Kumbe nilikuwa nauharibu moyo wake."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, bila ile dawa asingefika miaka saba. Angekuwa na moyo mzuri kaburini."

Shangazi akalia kidogo kwenye kitambaa cha kichwa. Mama Kipenga akamshika goti. "Shangazi, mateke yangu yalikuuma?"

"Moja lilining'oa jino."

"Basi tumelipana."

Wakacheka, daktari akitazama huku asijue kama inaruhusiwa.

Alipewa vidonge, viwili vikiwa vikubwa, vikakatwa. Kukimbia akakatazwa. Ligi ikamhamishia mezani kusimamia wachezaji wa akiba, na yule kipa wa nusu fainali akaombwa radhi hadharani, akaitikia kwa kichwa. Miguu ikanywea, mto ukabaki mmoja. Baada ya mwaka moyo ulisukuma arobaini na tisa, na daktari akamruhusu kuchezesha watoto wa chini ya miaka kumi kwenye kiwanja kidogo, mradi atembee.

Siku hiyohiyo daktari aliuliza kama wanawajua watoto wengine wa wodi ile. Shangazi alikuwa na jina la kila kitanda. Mmoja, wa kitanda cha dirishani, aliyepewa dawa ileile nyekundu, sasa ni fundi wa kuchomelea mageti, baba wa watoto watatu, kifua kama kabati. Mama Kipenga alimfuata karakana.

"Dada, mimi nabeba geti peke yangu," alisema fundi. "Moyo utakuwa na nini?"

"Labda hauna kitu. Wangu ulikaa kimya miaka thelathini, na mimi nilikuwa nakimbia."

Ilichukua ziara nne, na ya nne alikwenda na shangazi. Jumanne iliyofuata fundi alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kipimo, ameoga, mikono mikubwa katikati ya magoti, wao wawili wamemweka kati.

"Inauma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haiumi," alisema Mama Kipenga. "Jeli ni ya baridi tu. Na usiongee."