Chetezo cha Nyanya na Filta ya Baba

Fundi niliyempelekea gari juzi aliniambia kwamba magari ya siku hizi filta ya mafuta imo ndani ya tangi, wala haiguswi miaka mingi. Aliyasema hayo na sigara mdomoni. Nikamwomba aizime kwanza ndipo tuongee. Akacheka, akaniuliza kama nimewahi kuungua. Nikamjibu kwamba sijaungua, ila nimekulia nyumba ambayo filta ikibadilishwa, moto wote unazimwa. Aliizima, nadhani kwa kustahi umri wangu tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Malindi, miaka ya themanini. Ilikuwa ya nyanya, mzaa mama, na sisi tulikaa humo pamoja na baba. Hilo peke yake lilikuwa jambo, maana baba alikuwa mtu wa Jilore, na kwao mama mkwe huogopwa kuliko askari. Nyanya akiwa uani, baba alizunguka kwa mlango wa mbele. Hakula mbele yake, na kuonekana naye bila shati ilikuwa ni kitu kisichosemeka. Akitaka kumwambia neno alinituma mimi, hata kama nyanya ameketi pale pale kwenye mbuzi anakuna nazi na anamsikia vizuri. Nyanya naye alinijibu mimi, kwa sauti ya kufika anakotaka ifike. Basi mimi nilikuwa simu ya nyumba ile, na cheo hicho nilikipenda sana.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea maembe na korosho kutoka Magarini. Huko petroli iliuzwa kwa madebe, na debe halikosi kutu na mchanga wake, kwa hiyo haikupita muda mrefu pikapu ikaanza kukohoa na kukata moto njiani. Hapo ndipo filta ilipobadilishwa, uani kwetu. Sijamwona mtu mwoga wa petroli kama baba, na hakuona haya kusema. Gari lilikaa mpaka injini ipoe kabisa. Alichomoa waya wa betri, akafungua kifuniko cha tangi ili pumzi itoke, akaweka ndoo ya mchanga karibu, na chini akaweka karai la kukinga matone. Shati alilivua, nyanya akiwa ndani, maana petroli ikiingia kitambaani haitoki upesi. Kisha alinionyesha mshale uliochorwa kwenye kile kikopo kipya cha plastiki: uelekee injini, ukigeuzwa tumefanya kazi bure. Mwisho wa yote alinituma kwa nyanya, nikamwambie azime meko.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya posa ya mama mdogo. Wazee wa upande wa mume walikuwa Kilifi wanasubiri kuchukuliwa, na pikapu ilikuwa imegoma tangu jana yake. Nyanya alinung'unika, nyama ya wageni iko sufuriani nusu mbichi, lakini alizima. Akaenda hata ukutani kumwomba jirani, muuza mahamri, azime jiko lake.

Basi petroli ikaanza kunuka. Ilijaa uani, ikaingia sebuleni, ikakaa kwenye mapazia mapya. Kwa nyanya, wageni wa posa kukuta nyumba inanuka ilikuwa fedheha ya kutosha kuvunja ndoa. Nilikuwa kizingitini nachagua mchele nilipomwona anatoka jikoni na chetezo mkononi. Alikuwa ameokota makaa yaliyobaki chini ya jivu, akatia ubani. Akafukiza bafuni, akafukiza kamba ya nguo, akawa anaisogelea pikapu taratibu, moshi mweupe mbele yake, kama alivyofanya kila Alhamisi jioni. Mpira wa mafuta ulikuwa umeshachomolewa, matone yanaanguka karaini, na miguu ya baba imechomoza chini ya gari.

Mimi sikushtuka. Kwetu moto ulikuwa wa kupikia. Ubani ulikuwa ubani tu.

Aliyeshtuka ni baba, ilipomfikia harufu. Alitoka chini ya gari akiwa na kaptura iliyochanika tu, kifua wazi, mikono myeusi, akasimama mbele ya mkwewe. "Mama, simama hapo. Una moto mkononi."

Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumsikia akimwambia yeye mwenyewe, na alilisema kwa ukali, akiwa uchi wa kifua. Mama alijiziba mdomo mlangoni. Nilijua baba atakusanya nguo zake leo leo arudi Jilore, kwa maana haya kama ile kwao haina dawa.

Nyanya alikitazama chetezo kana kwamba amekabidhiwa sasa hivi. Akarudi kinyumenyume mpaka mlango wa jiko, akapiga magoti, akafukia makaa kwa mchanga kwa mikono yake. Kisha akavua kanga ya mabegani, akaitundika kwenye kamba, akageuza uso ukutani.

"Jifunike, mwanangu, umalize kazi," akasema. "Wageni wanangoja."

Hakunituma mimi.

Baba alimaliza akiwa amejifunga kanga ya mkwewe. Alikaza vibano vya mipira, akavipapasa kuona kama vinavuja, akasubiri harufu ipungue kabla ya kurudisha waya wa betri. Wageni walichelewa, pilau ikachelewa zaidi. Mzee mmoja alipouliza kinachonuka, nyanya alijibu bila wasiwasi kwamba ni petroli, mwanawe alikuwa anatengeneza gari. Mama mdogo aliolewa. Baba na nyanya wakazungumza wenyewe tangu siku hiyo, nami nikapoteza kazi yangu ya simu. Nilinuna wiki nzima.

Wote wawili wamefariki. Nyumba iliuzwa, na uani pamewekwa saruji kwa ajili ya magari ya wapangaji. Mimi ninacho chetezo. Kila Alhamisi jioni nafukiza, na kabla sijatia kaa la kwanza huwa natoka nje, nainama, natazama kama kuna mtu chini ya gari.

Hayupo.