Kitambaa Cheupe Kwenye Gari la Mbio

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu nikaambiwa nibomoe. Nilikuwa nimeshuka kutoka Soni hadi Muheza na mkasi mpya kwenye kikapu, nikijua nitakaa kwenye cherehani nishone viti vya magari. Fundi Mkuu, mzee wa Kibondei aliyenukia iliki saa zote, akanisukumia kiti cha lori kilichochakaa. "Zuhura, fumua nyuzi zote," akasema. "Ukijua aliyekutangulia alishonaje, utajua kwa nini kimechanika." Nilifumua mpaka vidole vikafa ganzi, nikajificha nyuma ya marobota ya sponji nikalia kidogo. Leo nimestaafu, na vijana wakiniuliza nilijifunzaje ufundi, nawaambia nilijifunza kwa kufumua.

Wengi wao wanapenda magari ya mbio, basi huniuliza habari za injini. Injini mimi siijui, na sijawahi kuionea wivu. Kazi yangu ilikuwa vile vitu vinavyomgusa dereva. Kiti cha mbio, kwa mfano, kina mbavu mbili zinazomkumbatia mtu asiyumbe kwenye kona. Sponji yake huwa ngumu, maana kiti laini humdanganya dereva asijue gari linafanya nini. Usukani tuliuvika ngozi iliyogeuzwa, upande wake wa ndani ukae nje, ule wenye malaika laini, kwa sababu ngozi ya kung'aa huteleza mikono ikitoka jasho. Kapeti ya miguuni ilifungwa kwa vifungo kila pembe isije ikatambaa chini ya pedali. Mikanda ya mabegani hatukuishona kamwe. Mkanda ukichanika unanunua mwingine, na fundi anayekwambia atautia kiraka, mkimbie.

Baada ya Muheza nilihamia karakana moja ya Lushoto, ambako magari ya mashindano yaliletwa kujaribiwa kwenye barabara za vumbi za milimani. Aliyetuongoza tulimwita Meneja, mtu mrefu wa maneno machache, mkali kwa uzi uliolegea kuliko kwa mfanyakazi aliyechelewa. Nilipapenda mahali pale. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani, ukakaa kati ya cherehani yangu na mlango, na huko nje gari likinguruma hujui linapanda au linashuka, liko bonde hili au lile. Nilikuwa nikishona huku nikilisikiliza, sindano inakwenda yenyewe, na mara nyingine nilishtuka kukuta mshono umekwisha na sikumbuki nilipouanzia. Nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha.

Huko ndiko nilikokutana na Danieli, dereva kijana kutoka Mlola, wa familia ya wakulima Walutheri. Baba yake alikufa kwenye lori la kabichi lililotumbukia bondeni. Kwa hiyo mwanawe aliposema anataka kukimbiza magari, mama yake alikubali baada ya wiki nzima, tena kwa sharti moja. Alifuma kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akakiombea, akasema, "Hiki kikae mbele yako. Kisipokuwemo, na wewe usiwemo."

Danieli akakitandika juu ya dashibodi. Wala hakuna aliyecheka, maana kwetu kitu unachokiheshimu unakivika kitambaa. Nyumbani kwangu vitambaa vilikuwa juu ya makochi, juu ya redio, hata chupa ya chai ilikuwa na chake. Tuliona gari limependeza.

Siku ya majaribio ukungu ulipasuka ghafla kwenye kona na jua likaingia. Weupe wa kile kitambaa ukapanda kwenye kioo cha mbele, na Danieli asione barabara, akaona maua matupu. Gari lilisimama gurudumu moja likiwa hewani, juu ya bonde. Alirudi karakana kwa miguu, kitambaa mkononi.

"Nikikiacha kitaniua," akaniambia. "Nikikitoa, mama ataniondolea radhi. Bila radhi ya mama siendeshi, dada Zuhura. Bora niache."

Meneja alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja vizuri. "Dashibodi ya gari la mbio haiwekwi kitu cheupe wala kinachong'aa," akasema. "Hata baraka."

"Na mama yake je?" nikauliza.

"Mama yake ni idara yako."

Nilimchukia siku ile, Mungu amrehemu. Dashibodi niliivika kitambaa cheusi kizito kisichorudisha mwanga, kazi ya asubuhi moja. Lakini kile cheupe nilikaa nacho magotini mpaka chai ikapoa. Mwisho nikafumua egemeo la kiti cha Danieli, nikakitandaza kati ya sponji na kava, nikakipiga nyuzi kingo zote kisijikunje, nikafunga. Kava nilichagua jembamba, kwa makusudi.

Mama Danieli alifika siku ya mashindano, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba" bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye dashibodi.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

Danieli akainamisha kichwa. Meneja akapata ghafla kazi ya kukagua mtungi wa kuzimia moto. Basi nikamweleza mimi, yote, na habari ya gurudumu pia, kwani uongo kwa mama wa namna ile ungekuwa dhambi.

"Kwa hiyo kitambaa changu kilitaka kumuua mwanangu," akasema polepole.

Nilimshika mkono nikauweka kwenye egemeo. Vidole vyake vikatambaa juu ya kava, vikasimama, vikarudi. Alikuwa ameyapata maua. Akayapapasa moja baada ya jingine.

"Hata mimi sikumbeba usoni," akasema mwishowe. "Nilimbeba mgongoni." Kisha akamgeukia mwanawe, akamwita kwa Kisambaa kama aitwavyo mwanamume mzima. "Mghosi, panda gari lako. Unawachelewesha watu."

Danieli aliendesha miaka mingi, akashinda kiasi, akapinduka mara moja akatoka mzima. Mama yake alifariki kwa uzee, kitandani, na mimi nilikwenda Mlola kumzika.

Sasa nimekaa Soni na miwani yangu na cherehani ninayoitumia kwa mashuka tu. Mwaka huu Danieli alikuja, kichwa kimeota mvi, amebeba kile kiti. Binti yake Neema anataka kuingia kwenye mashindano. "Nimemkataza, dada," akasema. "Halafu nikakumbuka nani alinikubalia mimi." Aliniomba nikihamishie kitambaa kwenye kiti cha Neema.

Nilishika kisu nikafumua nyuzi zangu mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya chai kwa jasho la miaka yote ile, ila hakuna ua lililokatika. Kiti cha Neema ni chembamba, na nisingethubutu kukipunguza kitambaa kwa mkasi. Nilikikunja mara mbili, nikakishona. Danieli aliuliza kama nimekaza, nikamwambia nimekaza. Akauliza tena.

Tulisimama pamoja barabarani Neema alipoondoka. Ukungu ulimmeza kwenye kona ya kwanza, ukabaki mngurumo, mara juu, mara chini. Nikamtazama Danieli. Alikuwa ameinama mbele kidogo, mikono ameipeleka nyuma, vidole vimeshikana juu ya kiuno, kama mtu aliyebeba mtoto.